Vidole Viwili vya Maji ya Majivu

Siku ya arobaini ya mama mdogo Zaituni, watu wakiwa bado wanavua viatu mlangoni, mimi nilikwenda moja kwa moja jikoni kutafuta chungu. Najua ni aibu. Wenzangu wameketi mkekani na juzuu zao, na mimi nimeinama chini ya meza ya jiko lake la Malukhu, Mbale, napekua masufuria ya marehemu. Sikutaka kanga zake, sikutaka vikombe vyake vya maua, wala ile redio aliyoifunika kitambaa mpaka siku ya mwisho. Nilitaka chungu kimoja tu, cheusi, kisicho na faida kwa mtu mwingine yeyote, chenye matundu saba chini. Hakikuwepo. Nikamwita Rehema, binti yake wa mwisho, nikamwuliza kile chungu cha majivu kiko wapi. "Kile?" akasema, huku anapanga sahani. "Mama alimpa dada Auma kabla hajalazwa. Alikuja akakichukua mwenyewe." Nilikaa juu ya kigoda. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, nina wajukuu wawili na cherehani nne, na kifua kilinipanda kama cha msichana aliyenyang'anywa kitu mdomoni. Hata chungu? Hata chungu nacho apewe Auma?

Auma ni rafiki yangu. Hivyo ndivyo watu wa Walukuba, mtaa wetu wa Jinja, wanavyotujua, na si uongo. Mimi nashona sare za shule pale Walukuba, yeye anafanya kazi maabara, anapima maji, na Jinja si mji mkubwa kiasi cha watu wawili kukwepana. Akifiwa naenda, nikiuguza anakuja. Wajukuu wangu wanamwita bibi. Wanapenda kumtania kwa jinsi anavyosuuza vyombo: mara tatu, hata kikombe kilichowekwa maji matupu, moja, mbili, tatu, halafu anakiinua kwenye mwanga na kukichungulia. Anasema alijifunza kwa makosa yake mwenyewe, zamani, alipokuwa msichana. Kila anaposema hivyo mimi huondoka, hujifanya nina chungu motoni. Kwa sababu makosa yale hayakuwa yake.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tano. Nilitolewa Walukuba nikapelekwa Mbale kusoma kidato cha pili, nikae kwa mama mdogo. Kwa nini nilitolewa, hayo yana ukurasa wake. Nyumba ilikuwa vyumba viwili na jiko la nje, na maisha yote yalikuwa jikoni. Mama mdogo alikuwa mpishi wa harusi na maulidi, hivyo pale hapakukosa kitu cha kunusa: ukwaju ulioloweshwa, ndimu za achari zilizoanikwa juu ya bati, maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu, na malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi ambayo akina mama wa juu ya mlima Wanale waliyateremsha wakiwa wameyabeba kichwani. Malewa ni magumu. Ukiyachemsha kwa maji ya kawaida unaweza kuchemsha mpaka kuni zikuishie. Kinachoyalainisha ni maji ya majivu: unachoma maganda ya ndizi na ya maharage, majivu yake unayatia katika chungu chenye matundu kilichotandikwa nyasi, unamwagia maji juu, na chini yanadondoka tone, tone, tone, yana rangi ya chai nyepesi na yanateleza mkononi kama sabuni. Mama mdogo aliyaweka katika chupa ya soda, akaifunga kwa gunzi la mahindi, na chupa ile ilikaa rafuni karibu na chumvi. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa bila ruhusa yake.

Auma nilimkuta darasani. Baba yake alikuwa askari jela, mtu wa kaskazini, mrefu, ambaye hata sisi watoto tulimwita Afande. Walikaa kwenye mistari ya nyumba za askari, chumba kimoja watu saba, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, cha amri na cha haraka. Mimi wa Walukuba, niliyezaliwa ndani ya Kiswahili, nilimcheka waziwazi. Alisema "hii maji", alisema "wewe nakwenda wapi". Hakukasirika. Alicheka pamoja nami, na hilo liliniudhi zaidi. Nilimleta nyumbani mimi mwenyewe, mara ya kwanza, kwa sababu alikuwa anajua hesabu na mimi nilitaka kunakili. Mama mdogo akampa kikombe cha uji. Auma akaonja, akauliza, "Mama, hii umeweka ndimu ama ukwaju?" Mama mdogo akageuka na mwiko mkononi. Miezi mitatu nilikuwa nakunywa uji ule, sijawahi kuuliza umewekwa nini.

Tangu siku hiyo alikuwa wa kwetu. Anakuja baada ya shule, anakaa kwenye kigoda changu, anauliza. Kwa nini maziwa yanaganda? Kwa nini unaweka magadi kwenye kunde? Na mama mdogo, ambaye mimi nikimwuliza kitu alikuwa ananijibu "nipitishie kisu", huyo huyo alikuwa anaacha kukata kitunguu ili amweleze. Alimwita mwanangu. Mimi alikuwa ananiita Hadija. Siku moja nilikuwa nyuma ya jiko naanika nguo, nikamsikia anaongea na jirani yetu, Mama Sauda. "Yule mtoto wa Afande ana kichwa," alisema. "Yule atafika." Mama Sauda akamwuliza, "Na huyu wa kwenu?" Nikasimama na shuka la maji mkononi, linanidondokea miguuni. Mama mdogo alifikiri kidogo. Bora asingefikiri. "Hadija ni mtoto mzuri," akasema. "Anaosha vyombo vizuri sana."

Nimepata sifa nyingi tangu siku hiyo. Nimeshona magauni ya maharusi, watu wamenitaja kwenye vipaza sauti. Hakuna sifa iliyoniuma kama ile. Nilianika shuka, nikaingia ndani, nikaosha vyombo vyote, hata visafi, na nikaapa kwamba nitawaonyesha watu.

Nafasi ikaja yenyewe. Mwalimu Wafula wa kemia alikuwa anatufundisha asidi na besi, na karatasi za litmasi zikaisha kabla hatujafika katikati. Akasimama mbele yetu na kile kikasha kitupu. "Jamani, karatasi hakuna," akasema. "Shule haina, na mimi sina. Lakini kuna maonyesho ya sayansi Jinja, shule zote za mashariki. Atakayeniletea njia ya kupima ukali wa vitu vya nyumbani kwake, bila karatasi, huyo ndiye atakayesimama pale." Jinja! Niliona ukumbi, nikaona wenzangu wa Walukuba, wale waliosema nimepelekwa Mbale kwa sababu sifundishiki, wamekaa mstari wa mbele midomo wazi. Likizo iliyofuata nilipokwenda nyumbani niliwaambia kabisa: mtaniona, nitasimama kwenye maonyesho. Nilisema hivyo kabla sijajua nitasimama na nini.

Njia yangu ilikuwa ulimi. Msicheke. Nilichukua daftari, nikaonja kila kitu kilichokuwa ndani ya nyumba ile: ndimu, ukwaju, maziwa ya mgando, chai ya rangi, maji ya mvua, magadi, dawa ya kiungulia. Nilionja sabuni ya kufulia. Kila kimoja nikakipa alama ya ukali, kati ya moja na kumi, nikachora mistari kwa rula, nikampelekea mwalimu. Akasoma mpaka chini, akavua miwani. "Banange, jamani, huyu ameonja sabuni!" Darasa zima likaangua kicheko. Auma peke yake hakucheka, aliinamisha kichwa, na nilimchukia kwa huruma ile kuliko wote waliocheka.

Kisha Ramadhani ikaingia. Mama mdogo alikuwa anatengeneza karkade kwa ajili ya kufuturu, yale maua mekundu makavu aliyonunua kwa mama mmoja Mnubi sokoni, anayachemsha, anayachuja, yanakuwa mekundu na makali mpaka yanakunja shavu. Auma si Mwislamu lakini alikuwa anakuja saa ya futari kama mwenye nyumba, na siku zile mchana hakula mbele yangu hata mara moja. Adabu hiyo nayo ilimfurahisha mama mdogo. Tukafuturu, nikakusanya vikombe vyeupe vya bati, nikavimwagia maji ya majivu yaliyobaki ya kusugulia. Auma alikuwa amechuchumaa pembeni yangu, ananisuuzia. Mara akapiga kelele. "Mama! Mama, njoo tazama! Hii nyekundu nageuka!" Mama mdogo akaacha kijiko ndani ya bakuli akaja mbio. Ndani ya kikombe, mabaki ya karkade yalikuwa yamegeuka zambarau, na chini kabisa kijani.

"Ndivyo inavyokuwa siku zote," nikasema.

"Siku zote?" Auma akanitazama. "Hadija, wewe ulijua na hukusema?"

"Kusema nini? Maji machafu ya vyombo?"

Auma alikuwa ameshachukua kipande cha ndimu. Akakamulia ndani ya kile kijani, na taratibu, mbele ya macho yetu, kikarudi kuwa chekundu. Mama mdogo alishika kifua. "Subhanallah," akasema. "Miaka yote hii jikoni kwangu!" Akamkumbatia. Akamkumbatia na mikono yake ya unga, na mimi niko pale chini, nimeshika kikombe, mimi niliyeosha vikombe vile tangu mwezi uandame na kuona rangi ile kila jioni na kuimwaga kwenye mtaro. Wivu una ladha, na nilionja mengi mwaka ule kwa hiyo najua. Unabaki nyuma ya ulimi hata ukinywa maji.

Baada ya hapo jiko likawa la Auma. Alipanga vifuniko vya chupa juu ya meza, katika kila kimoja anadondosha karkade isiyotiwa sukari, halafu anatia kitu. Ndimu: nyekundu ya kung'aa. Ukwaju: nyekundu. Maziwa ya mgando: ya waridi. Maji ya bomba: zambarau iliyofifia. Sabuni: buluu inayokwenda kijani. Magadi na maji ya majivu: kijani kabisa. Mama mdogo aliacha pilau iungue, wallahi, yeye ambaye aliwahi kunipiga kibao kwa wali kuungua. Siku moja Auma akaja na malwa kutoka kwao, pombe ya wimbi kwenye kopo, anataka kuipima. Nikajua leo amekwisha. "Hiyo pombe isipite mlango wangu," mama mdogo akasema, "hata kidogo." Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Auma akasema, "Ndiyo, Mama," akatoka, akaipimia nje karibu na migomba. Na mama mdogo, Hajati mtarajiwa, akanyoosha shingo dirishani: "Enhe? Imekuwaje? Nyekundu?" Nikaenda kulala bila daku.

Mwalimu Wafula hakuhitaji kufikiri. Auma ndiye atakayesimama Jinja. Kisha akanitazama mimi, na nadhani alikusudia wema. "Na wewe Hadija, wewe ni mtu wa Jinja. Utamsaidia kubeba chupa." Nilisema asante, mwalimu. Nilitembea mpaka nyumbani bila kuona njia. Niliwaambia watu wa Walukuba watanitazama nikisimama, na sasa watanitazama nikibeba kapu nyuma ya binti wa askari jela anayesema "hii maji".

Asubuhi ya safari Auma alikuwa amelala kwetu, kwa sababu lori la shule lingepita Malukhu mapema. Tulikuwa tumeshamaliza Ramadhani. Nilipomaliza kuswali alfajiri nilimkuta anaoga nyuma, anaimba kwa lugha yao, na mama mdogo amekwenda kwa Mama Sauda kuomba kapu kubwa. Chupa zilikuwa mezani zimepangwa, bado kufungwa. Chupa ya karkade ilikuwa ile ya dawa ya kikohozi, imeoshwa na Auma mwenyewe jana yake, na maji mekundu nusu yake. Sikuwaza. Ningependa kuandika kwamba niliwaza. Nilinyoosha mkono rafuni, nikachomoa gunzi, nikamimina maji ya majivu ndani ya chupa ya Auma. Ikawa zambarau. Nikamimina. Ikawa buluu ya uchafu. Nikamimina tena, ikawa kijani kama maji ya dimbwi, na hapo chupa ya soda ikawa tupu. Nikafunga kifuniko cha Auma, nikaiviringisha kwa gazeti, nikaiviringisha tena kwa gazeti la pili. Halafu nikaitia chupa ya mama mdogo maji ya bomba, vidole viwili kama yaliyokuwemo, na kwa kuwa hayakuwa na rangi, nikayatia chai ya rangi iliyobaki kwenye birika. Nikarudisha gunzi. Auma akaingia, maji yanamdondoka, akaona magazeti. "Umenifungia?" akasema. "Asante, dada yangu."

Njia nzima kapu lilikuwa mapajani pangu. Auma alikuwa kando yangu anarudia maneno yake chini kwa chini, na kila lori liliporuka shimo alikuwa anashika mkono wangu, si kapu, mkono wangu. Nilikuwa naomba Mungu ampe homa. Nilikuwa naomba lori liharibike, ili asijue kamwe, ili mimi nisiwe nimefanya. Halikuharibika.

Ukumbi ulijaa. Wenzangu wa Walukuba walikuwepo, watatu, wamesimama karibu na mlango, na mmoja alinipungia mkono akaonyesha kapu, akacheka. Waamuzi walikuwa wawili, bwana mmoja mnene na mama mmoja aliyevaa miwani yenye kamba. Walipofika kwetu Auma akafungua gazeti la kwanza, akafungua la pili. Akasimama na chupa ya kijani mkononi. Hakunitazama. Mpaka leo hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote: hakugeuka kunitazama hata kidogo, haikumjia akilini.

"Binti," akasema yule mama, "hapa imeandikwa maji mekundu."

"Ndiyo, mama," Auma akasema. "Ilikuwa nyekundu. Chupa mimi sikuosha vizuri. Imebaki sabuni." Bwana mnene akaanza kugeuka kwenda meza ya pili. "Lakini ngoja, Afande! Kama ni sabuni, itarudi."

Kumwita mwamuzi Afande kuliwafanya watu wacheke, na kicheko kikamrudisha yule bwana. Auma akakata ndimu. Akamimina ile kijani kwenye glasi, akakamua. Kijani ikawa buluu ya uchafu, ikawa zambarau, akakamua tena kwa mikono miwili, na ikawaka nyekundu mbele ya ukumbi mzima. "Eeeh!" watu wakasema. Wakasogea. Akatia magadi, ikarudi kijani. Akatia ukwaju, nyekundu. Alikuwa ameacha maneno yote aliyoyakariri, anaongea kile Kiswahili chake cha mistari ya askari, "tazameni, hii nakwenda, hii narudi," na waamuzi wawili wameinama juu ya meza kama watoto. Wenzangu wa Walukuba walipanda juu ya benchi ili waone. Bila mimi angekuwa amedondosha matone yake kwenye vifuniko, angepigiwa makofi ya adabu, basi. Mimi ndiye niliyempa onyesho. Auma alishinda siku ile, akapewa nafasi katika shule moja ya bweni ya wasichana hapo hapo Jinja. Yeye akaenda Jinja yangu, mimi nikarudi Mbale.

Jioni hiyo mama mdogo alikuwa amepika malewa kwa karanga kumpongeza mwanawe. Alikuwa ameyaweka motoni tangu mchana. Tukakaa, Auma kulia kwake, Afande mwenyewe amekuja na sare, amekaa wima kwenye kiti pekee. Tukaanza kula, na nyumba ikawa kimya, kwa sababu kila mtu alikuwa anatafuna. Tulitafuna. Afande alitafuna kwa heshima mpaka jasho likamtoka, akasema, "Nzuri, Mama, nzuri," akameza kama anameza kamba. Mama mdogo, mpishi wa harusi, alikuwa amekunja uso. Akainuka, akachukua ile chupa rafuni, akamimina tone kiganjani, akasugua kwa kidole. Halikuteleza. Akalamba. Nikaona anaitambua chai. Kisha akamtazama Auma, aliyekuwa anamsimulia baba yake kwa mara ya kumi jinsi chupa ilivyobaki na sabuni, na jinsi karkade ilivyogeuka kijani. Halafu akanitazama mimi. Akarudisha gunzi mahali pake, akauliza nani anataka maji ya kunywa.

Jumamosi iliyofuata aliniwekea chungu chenye matundu mbele yangu, na lundo la maganda. "Kuanzia leo maji ya majivu ni kazi yako," akasema. Nilichoma, nilipepeta, nilitandika nyasi, nilimwaga maji, nikakaa kutazama yakidondoka. Tone moja, unahesabu mpaka kumi, tone jingine. Asubuhi mpaka adhuhuri, vidole viwili vya chupa. Nilipomletea alisema maneno ambayo sikuyasahau. "Mimi sitamwambia. Si langu. Siku utakayomwambia wewe, uje uniambie na mimi." Mwaka ulipokwisha nilikuwa bado sijamwambia, na miaka thelathini baadaye vivyo hivyo. Kila nilipokwenda kumtembelea Malukhu aliniuliza habari za watoto, habari za cherehani, kisha ananyamaza kidogo kunisubiri. Nami nauliza kama kuna chai. Hata hospitalini, mara ya mwisho, alinyamaza vile vile.

Basi siku ya arobaini, baada ya dua na chakula, nilikuwa bado jikoni nimejifungia na hasira zangu za chungu, mlango ukafunguliwa na akaingia Auma. Amenenepa sasa, anavaa miwani yenye kamba. Alikuwa amebeba kitu kilichofungwa kwa kanga. Akakaa kwenye kigoda, kile kile, akakiweka katikati yetu, akafungua. Chungu.

"Mama alisema mimi nikupe," akasema. "Lakini alisema nikupe siku wewe utaniambia kitu. Niliuliza kitu gani. Akasema, Hadija anajua." Akajimiminia chai, akanywa. "Nimengoja. Mama amekufa, wewe kimya. Tumezika, wewe kimya. Leo ni arobaini, Hadija. Sema basi."

Nilikuwa na uongo wa aina tatu, wote mzuri. Na hata pale, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichokisikia kilikuwa wivu: kwamba mama mdogo alimwamini Auma kutunza chungu, na mimi hakuniamini kusema mwenyewe. Kisha nikatazama yale matundu saba, nikamwambia. Nilimwambia lile gazeti la pili, nilimwambia gunzi, nilimwambia chai ya rangi. Sikumwangalia. Nilipomaliza tulikuwa tunasikia watu nje wakitafuta viatu vyao.

"Haikuwa sabuni," Auma akasema.

"Haikuwa sabuni."

"Mimi niliosha vizuri."

"Uliosha vizuri sana."

Alishika kikombe chake kwa mikono miwili. Nilingoja anitukane, ningepokea. Lakini uso ulimbadilika, ukawa uso wa kazini kwake. "Ulimwaga kiasi gani?"

"Vidole viwili. Vya chupa ya soda."

Akahesabu, midomo inacheza. "Kama ingekuwa vitatu," akasema, "ingepita kijani, ingefika manjano. Ile rangi ikifika manjano, imekufa. Hairudi, hata umwage ndimu gunia nzima. Mimi ningesimama pale na manjano yangu, na Jinja singeiona tena." Akaniinulia macho, na nikaona machozi, na nikaona kitu kingine kibaya zaidi ya machozi: alikuwa ananiombea udhuru. "Kwa nini uliishia vidole viwili, Hadija? Ulinihurumia?"

Ningetoa cherehani zote nne ili niseme ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, lilikuwa fupi, na yeye alikuwa ameshafungua mikono kulipokea.

"Hapana," nikasema. "Yalikwisha."

Kisha akakisukuma chungu mpaka kikagusa goti langu. Akainuka, akaenda kwenye ndoo, akakisuuza kikombe chake mara moja, akakifudikiza mezani, akatoka.